Mtoto wa Ubongo

Neno lenyewe nililisikia mara ya kwanza ndani ya banda la kukaushia pareto, yale maua ya dawa ya kuulia wadudu, kwenye shamba la mzungu mmoja huko Subukia, miaka ya hamsini. Bwana alikuwa ameleta wageni wawili waone jinsi maua yake yanavyokauka. Akasimama mbele ya trei zetu za wavu, akazigongagonga kwa fimbo, akasema Kiingereza kirefu ambacho mimi nilidaka neno moja tu, kwa sababu alilirudia: brainchild. Wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nyapara wetu, aliyekuwa nyuma yao ameshika kofia mkononi, akakohoa kidogo ili naye aonekane.

Walipoondoka nilimfuata karani wa shamba, kijana aliyesoma misheni na aliyependa sana kuulizwa maswali. Akanieleza kwamba hilo neno maana yake ni mtoto wa ubongo. Mtu akibuni jambo kwa kichwa chake mwenyewe, bila kuiga, Waingereza husema jambo hilo ni mtoto wake. Tena neno hilo halitembei peke yake, akasema; ukilitumia, lazima umtaje na mzazi. Nikamuuliza leo bwana amemtaja nani. Akasema bwana amejitaja mwenyewe.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Mtoto yule nilimzaa mimi. Na nikwambie ukweli, neno mtoto lenyewe lilinichoma. Nilikuwa nakaribia miaka thelathini, nimerudi kuishi na mama baada ya mume kuniacha kwa sababu sikumzalia. Watu walikuwa wamezoea kunihesabu kuwa sina kitu. Sasa nilichokuwa nacho kimoja kimeonyeshwa wageni, na jina langu halikutajwa.

Mambo yalikuwa hivi. Zamani trei zilikaa pale pale zilipowekwa. Za chini, karibu na moto, ziliungua. Za juu zikaota ukungu. Kazi yangu ilikuwa kugeuza maua, na kila asubuhi nilikuwa natupa maua ambayo wanawake wenzangu walikuwa wamechuma kwa baridi, na roho inaniuma. Jioni moja nikiwa nyumbani nikamtazama mama akipanga kuni kwenye kichanja cha juu ya moto. Mbichi aliziweka juu kabisa. Zilizoanza kukauka akazishusha, na za chini ndizo alizopikia. Nilikuwa nimeona kazi hiyo tangu utotoni, lakini jioni ile nilipoangalia kuni niliona trei.

Kesho yake nikamwendea nyapara. Nikamwambia maua mabichi yaingilie juu, yashuke ngazi moja moja kadiri yanavyokauka, yatolewe chini kabla hayajaungua. Alicheka, akaniuliza tangu lini mwanamke akamfundisha mwanamume kazi ya shamba. Wiki haikuisha akawa anafanya hivyo hivyo, na bwana akampa koti lake kuukuu kwa kumpongeza. Hakunipa nafasi ya kumaliza maelezo, jinsi ya kujua ua limekauka. Yeye alikuwa amechukua alichokitaka.

Siku ile ya wageni nilifika nyumbani nikamweleza mama yote, nikitegemea atanihurumia. Mama akacheka. Akaniuliza kile kichanja yeye alikitoa wapi kama si kwa mama yake, na nikitaka kumtangaza huyo mtoto wangu nisimsahau bibi yake. Nilinuna sikula. Lakini nilipolala nililiwaza, nikaona ana haki. Kichanja kilikuwa chake. Kukitoa jikoni na kukiingiza katika banda la pareto, hapo hapakuwa na mtu mwingine ila mimi. Nikaapa kwamba siku moja nitalisema hilo mbele ya watu, na sitapunguza wala kuongeza.

Kisha mvua za masika zikaja. Nyapara alikuwa akishusha trei kwa kengele, asubuhi na jioni, kama askari. Wakati wa jua ilifaa. Wakati wa mvua maua yaliingia yanachuruzika maji, na kengele haijui hilo. Kinachojua ni vidole: unabana ua katikati, likivunjika kama unga limekauka, likinywea bado. Nilimwonya mara tatu. Mara zote alinijibu nigeuze maua yangu. Mwishowe lori likapeleka magunia kiwandani Nakuru, na likarudi nayo. Tulipoyafungua yalikuwa na joto ndani, na ukungu umetanda mweupe.

Bwana alituita sote uani. Alikuwa mwekundu shingoni. Akamuuliza nyapara ni nani aliyeleta mtindo huu wa kushusha trei. Nyapara akavua kofia.

"Hii maneno si yangu, bwana," akasema. "Ni ya huyu mwanamke."

Kwetu mtoto akifanya vizuri ni wa baba, akiharibika ni wa mama. Nilitamani kucheka, ila nilikumbuka nyumba. Kibanda cha mama kilikuwa kwenye ardhi ya bwana, na tulikaa pale kwa sababu ya kazi yangu tu. Nilishaona jamaa wakiambiwa wakunje mikeka yao kwa kosa dogo kuliko hilo. Karani alikuwa kando yangu. Akaninong'oneza, "Dada, sema hujui."

"Hii kitu ni yako?" bwana akaniuliza.

Ningekana, hakuna ambaye angenilaumu. Nyumba ingebaki, na nyapara angebaki na aibu yake. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na sikuweza kumkana wangu eti kwa sababu amerudi nyumbani mchafu.

"Ni brainchild yangu, bwana," nikasema. Karani akabaki mdomo wazi. "Yangu mimi, na kichanja ni cha mama yangu. Lakini mliomlea ni nyinyi. Nirudishieni."

Bwana akauliza nikirudishiwa nitafanya nini. Nikasema hakuna trei itakayoshuka kabla sijaigusa kwa mkono, kengele ipigwe au isipigwe. Nikasema lori linalofuata likirudi na gunia hata moja, mimi na mama tutaondoka wenyewe, hatutangoja kufukuzwa. Mama alikuwa amesikia kelele akaja, amesimama nyuma ya kundi la wachumaji. Sikuwa nimemuuliza. Niligeuka kumwangalia, naye akaniashiria kwa kidevu niendelee.

Bwana akamnyooshea nyapara fimbo, akamwambia atoe ufunguo wa banda. Nyapara aliutia kiganjani mwangu bila kunitazama.

Niliingia peke yangu. Ndani mlinuka uvundo. Nikavuta trei ya chini kabisa, ile iliyokuwa ikingojea kutiwa guniani asubuhi hiyo, nikachukua ua moja, nikalibana katikati. Likanywea. Nikainyanyua trei nzima kwa mikono miwili, nikairudisha juu.