Ukoo wa Kayongo

Nimesoma uzeeni kwamba wataalamu wa mimea wamelihamisha kayongo. Wamelitoa katika ukoo wa maua ya bustani na kuliweka pamoja na mimea mingine inayonyonya mizizi ya wenzake. Shangazi yangu, ambaye hakukanyaga hata darasa la kwanza, alikuwa amelihamisha tangu miaka ya sitini, akiwa ameinama palizini.

Kayongo ni lile gugu lenye maua ya waridi linaloota katikati ya mtama na kuudumaza. Shangazi alikuwa mjane aliyerudi kwetu Buhehe, na baba yangu, ambaye ni kaka yake, akamkatia kipande cha shamba. Kipande hicho ndicho kilichomlisha. Mimi nilikuwa sekondari huko Tororo, na mwalimu wa bayolojia alitutuma likizo tukakusanye mimea yenye maua, tuikaushe na kuandika ukoo wa kila mmoja.

Nilimkuta shangazi akiling'oa kayongo kabla halijachanua.

"Shangazi, niachie mistari michache ichanue. Nahitaji maua."

"Baba, hili ni mnyonyaji, na likichanua limeshazaa." Aliniita baba kwa kuwa nilirithi jina la baba yake.

Nikamfungulia kitabu, nikamwonyesha picha ya mmea wa kahawia usio na jani la kijani hata moja. "Wanyonyaji ndio hawa. Kayongo lina majani ya kijani, linajipikia lenyewe. Ukoo wake ni wa maua ya bustanini kwa wazungu."

Akaiangalia picha. "Huyu ni ndugu yake."

"Hawafanani hata kidogo!"

"Baba yako mdogo ana mke na jiko, na kila jioni yuko kwangu na sahani. Jiko halimzuii mtu kudoea."

"Na mmea ule unaoota juu ya matawi ya miti?"

"Huo ni ukoo mwingine. Unakaa juu, mwenye mti anauona. Hili linaingia mzizini."

Nilicheka sana. Kwetu mtu haoi kabla ya kuuliza watu wa ukoo wa mchumba wanaishije, lakini mimi nilikuwa nikihesabu petali.

Aliniachia mistari minne, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Niliyakausha maua kati ya magazeti, na siku ya kufunga mzigo nikayakung'uta magazeti papo hapo shambani. Vumbi jeusi likamwagika, laini kama ugoro. Kila chembe ilikuwa mbegu. Kitabu kilieleza hivyo, ila kwenye ukurasa ambao sikuufikia. Shuleni nilipigiwa makofi, na karatasi yangu ikabandikwa ukutani.

Msimu uliofuata mtama wa shangazi uliishia magotini, na kayongo likachanua shamba zima. Nilikuwa nyumbani siku alipokuja kuomba kipande kingine. Tulikuwa tunakula.

"Nikupe kingine ukiachie magugu tena?" baba alisema. "Dada yangu, wewe ni mvivu wa palizi."

Shangazi alinigeukia mimi, akangoja. Nilikuwa na tonge mdomoni, nikalitafuna muda mrefu kuliko tonge lolote linavyostahili, mpaka baba akanawa mikono.

Kuanzia wiki ile shangazi alipalilia mashamba ya watu, akilipwa kibaba cha mtama kwa siku.