Machela ya Uzi Mwekundu

Harufu ya gunia la pamba hainitoki puani. Ni harufu ya vumbi na mafuta ya mbegu, nzito kidogo, na kwetu, upande wa Kamanga, ilichanganyika na ya dagaa walioanikwa juani kando ya ziwa. Nilikuwa na miaka tisa msimu ule mama yangu alipoketi barazani na sindano kubwa ya kushonea magunia, akaunganisha magunia mawili kuwa kitanda cha kubebea wagonjwa. Uzi mweupe ulimwishia kabla hajamaliza. Akafumua sweta yake nyekundu, akakunja uzi mara tatu, akamalizia upande mmoja wote. Baba akamuuliza atavaa nini baridi ikija. Akasema baridi ya kwetu haijawahi kumwua mtu, ila uchungu wa uzazi umeua wengi hapa hapa, na yeye alikuwa amewazika baadhi yao.

Hivyo ndivyo kikundi cha akina mama wa kanisa letu kilivyoanza. Mama alikuwa fundi, na rafiki yake Mama Yunisi alikuwa mwenyekiti kwa sababu alijua kusema mbele za watu. Mama Yunisi ndiye aliyenisimamia siku ya ubatizo, akanifundisha sala ya asubuhi na ya chakula, na hadi leo nikisali huwa naisikia sauti yake ndani ya yangu. Kazi yao ilikuwa kuwabeba wajawazito na wagonjwa kutoka vijijini hadi kwenye kivuko, ili wavuke kwenda hospitali Mwanza. Wanne walibeba, wanne walifuata nyuma wakisubiri zamu, na mmoja alikwenda ubavuni akitandaza kanga juu ya mgonjwa ili jua na macho ya watu visimpate. Walikuwa na sharti moja zito: machela haiguswi na ardhi njiani. Aliyechoka alisema "Dada, bega," na mwenzake akaingia chini ya mti wa machela huku safari ikiendelea. Kumlaza mtu chini njiani, walisema, ni kama kumzika angali hai. Nilizipenda hatua zao zilizokwenda pamoja. Niliamini kwamba mwanamke akishaingia chini ya bega la mwenzake, hawezi kumwachia.

Lilikuwepo sharti la pili, na hilo lilitoka kwa wazee wa kanisa: machela isiingie nyumbani kwa mganga. Sasa mchana mmoja nilikuwa nimeketi jikoni namenya karanga, Mama Yunisi akaingia uani anahema. Alimwambia mama kwamba mke mdogo wa mganga wa kijiji cha pili ana siku mbili katika uchungu, na mganga mwenyewe ametuma mtu kuomba abebwe.

"Mimi mwenyekiti siwezi kuonekana kule," akasema. "Nenda wewe, Mama Roda, chukua wenzako. Likitokea neno nitasimama na wewe."

"Na nikiulizwa nilifuata nini kwa mganga?"

"Sema ulikwenda kutafuta kuku."

Mama akacheka. "Kuku wa kubebwa na watu wanane! Huyo ana miguu mingapi, Mama Yunisi?"

Wakacheka wote wawili hadi Mama Yunisi akajifuta machozi kwa pindo la kanga, akachota karanga nilizokwisha kumenya, akaondoka akizitafuna. Mama akajifunga kibwebwe akaenda.

Yule mke wa mganga alifika kivukoni salama, akavuka, akajifungua mtoto wa kiume. Tunamshukuru Mungu kwa hilo, na nitamshukuru maisha yangu yote. Lakini mganga alikuwa amefunga ushanga mweusi na mweupe kwenye mti wa machela, na mgonjwa aliushika njia nzima huku analia. Mama hakuwa na moyo wa kumnyang'anya. Walipomshusha kivukoni, kwa haraka ya kuwahi pantoni, hakuna aliyekumbuka kuukata. Machela ikarudishwa kanisani, ikaegemezwa nyuma ya madhabahu kama kawaida, na Jumapili mzee wa kanisa akauona ushanga unaning'inia mbele ya waumini wote.

Baada ya ibada tuliambiwa tusitoke. Mzee akauliza nani aliyeipeleka machela kwa mganga. Mama akasimama, akasema ni yeye. Wale waliobeba naye wakasema waliitwa na Mama Roda, na hawakudanganya. Mzee akauliza, "Na wewe nani alikutuma?" Mama alimgeukia Mama Yunisi, akamtazama tu, akimpa nafasi. Mama Yunisi alikuwa anakunja leso yake, anaikunjua, anaikunja tena. Kisha akasimama na ile sauti yake nzuri, akasema, "Sisi kama kikundi hatukumtuma mtu."

Mama alitengwa na meza ya Bwana mwaka mzima na akaondolewa kikundini. Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kwa nini hakusema, maana mimi mwenyewe nilisikia kila kitu. Akasema, "Wakimwondoa na yeye, nani atawaita wanawake wabebe?" Sikuridhika na jibu hilo. Nadhani hata yeye halikumtosha, maana hakushona tena gunia hata alipobembelezwa, na ingawa alimsalimia Mama Yunisi siku zote kwa heshima, karanga zetu hakumpa tena. Alipofariki, miaka mingi baadaye, Mama Yunisi aliongoza sala kaburini, akamwita dada yetu mpendwa. Nilisema amina pamoja na wengine.

Mwaka huu kikundi kilifanya sherehe ya kukumbuka kuanzishwa kwake, nami nikaombwa kusoma historia iliyoandikwa na katibu, binti mdogo mwenye bidii. Mama Yunisi aliketishwa mbele kwenye kiti cha plastiki, amefunikwa kitenge kipya, mzee sana lakini masikio yake yanasikia. Machela ile ya kwanza ilikuwa imetundikwa ukutani. Mstari wa kwanza wa karatasi ulisema kwamba Mama Yunisi aliishona kwa mikono yake mwenyewe. Niliomba uvumilivu kama nilivyofundishwa, kisha nikasoma, "Machela ya kwanza ilishonwa na Mama Roda, mama yangu."

Mama Yunisi akainua kichwa. Hakukasirika. Alisema kwa upole uleule alionifundishia sala: "Soma kilichoandikwa, mwanangu."

Nikasoma kilichoandikwa, hadi mwisho. Mengi yalikuwa kweli: wanawake walibebwa na watoto walizaliwa. Siku hizi gari la wagonjwa linafika hadi vijijini, na akina mama wa kikundi, wamevaa sare zao za kitenge, hupeleka sabuni na matunda wodini. Wanaingia nyumba yoyote yenye mgonjwa, hata ya mganga, na hakuna anayewauliza. Nafurahi kwa ajili yao. Ila nimekwisha kuzeeka, na bado nikiona watu wawili wamebeba kitu kizito pamoja, namtazama yule aliye nyuma nikijiuliza ni lini ataachia.

Watu walipokwenda kula nilibaki nikiugusa mshono wa upande mmoja wa machela. Wekundu wake umepauka, lakini haujaachia hata mahali pamoja. Katibu akanijia na karatasi yake, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bibi, huyo Mama Roda jina lake hasa ni nani?" Nikamwambia ni Debora. Akageuka kumtazama Mama Yunisi kwanza, kisha akaliandika pembeni kwa penseli.