Mgagani wa Zizi la Milembe

Mvua za kwanza zikishanyesha Nkololo, mboga tunayoingojea mwaka mzima inajileta yenyewe. Mgagani haulimwi. Unataka mbolea ya ng'ombe, maji ya mbinguni, na mtu wa kuuwahi. Siku zake ni chache. Ukishatoa maua meupe, majani yanakuwa magumu na machungu, basi tena, unawaachia mbuzi. Ndiyo maana Novemba na Desemba huku kwetu ukipita nyumba kwa nyumba unakuta harufu ni moja, mgagani uliochemka na maziwa na karanga, na watu wana furaha bila sababu nyingine.

Jirani yangu mzee Ndalahwa ndiye anayeupenda kuliko wote ninaowajua. Ana miaka sabini na moja. Kazaliwa hapa, kalima pamba hapa, kafuga hapa, na Bariadi mjini anakwenda kwa mnada na kwa daktari wa macho, anarudi siku hiyo hiyo. Mke wake Milembe, Mungu amrehemu, alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, na kwa mgagani hakuwa na mwenzake. Tulipokuwa tukisali kwake msimu huo, hakuna mwanajumuiya aliyeumwa wala kusafiri. Wote tunafika.

Milembe alipofariki, mkwe wake aliendelea kumpikia mzee. Baadaye kijana wake Nyanda akahamia Mwandoya na familia yake, mzee akabaki na ng'ombe tisa na simu. Simu yenyewe anaiweka sauti kubwa kwa sababu masikio yamechoka, kwa hiyo akipigiwa, na sisi tumepigiwa. Ndivyo tulivyomsikia binti yake Gloria, anayekaa Mwanza, mwanzoni mwa Novemba mwaka jana.

"Baba, nakuja tarehe ishirini Desemba. Siku ya pili narudi. Nimeshalipia viti viwili."

"Viwili? Unarudi na nani?"

"Na wewe. Unakula nini huko peke yako?"

"Ugali."

"Na nini?"

"Na chumvi," akasema.

"Unaona! Ng'ombe watakwenda kwa Nyanda. Wewe utakaa na mimi."

"Gloria, njoo. Nitakupikia mgagani kama wa mama yako. Ukiubakiza sahanini, napanda basi kwa miguu yangu, hunibebi."

Gloria alicheka mpaka akakohoa. "Wewe, baba? Upike? Na nikimaliza?"

"Ukimaliza, mimi ninabaki kwangu. Hicho kiti cha pili utajua utakachokifanyia."

"Haya baba, nimekubali."

Jioni ile alikuja kwangu, mikono nyuma.

"Mwadila, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba. Karibu."

"Mgagani unapikwaje?"

Nilikuwa napepeta karanga, ungo ukaniponyoka. Wazee wa umri wake jikoni hawaingii, hata moto wanaomba waletewe.

"Nani anapika, baba?"

"Nimeuliza moja tu, Mama Dastan. Usiniongezee la pili."

Nikamweleza. Chuma majani laini. Chemsha na chumvi kidogo. Mwaga maji ya kwanza, hayo ndiyo yana uchungu. Tia maziwa, acha yaingie taratibu, halafu karanga za kutwanga, na usiache kukoroga. Akarudia kama mtoto wa komunyo ya kwanza, akaenda.

Kesho yake moshi ukatoka kwake saa tano mchana. Jirani mwingine, Masele, akaegemea uzio.

"Ndalahwa! Umeolewa na nani leo?"

"Na njaa!" mzee akajibu kutoka jikoni. "Na mahari imeshatoka, usije kudai pilau!"

Akatuletea tuonje. Masele alionja, akatazama juu kama anayetafuta mvua. Mimi nilimeza kwa imani. Mzee alikuwa amesahau kumwaga maji ya kwanza. Mara ya pili akayamwaga, ukawa mchungu vilevile. Mara ya tatu nilisimama mlangoni mimi mwenyewe, kila kitu alifanya sawa, na bado haukuwa wenyewe. Majani yalikuwa membamba, mashina mekundu, yamekomaa yangali mafupi. Alikuwa anayachuma nyuma ya choo na kando ya njia, kikapu hakijai. Akanunua mafungu gulioni, akayapika vizuri kabisa. Akaweka kijiko chini.

"Ni mboga," akasema. "Lakini si ya Milembe. Gloria kalelewa na ile, hatadanganyika."

Siku zilikuwa zinakwenda. Kwenye jumuiya nilimwombea bila kutaja jina, nikasema tu "yule mwenzetu mwenye safari asiyoitaka," na wote wakaitikia kwa nguvu, Masele akiwa wa kwanza.

Katikati ya mwezi tulikuwa tumekaa kwa mzee, mimi na yeye, tukibangua karanga, mvua imekatika. Ng'ombe wamesimama zizini kwenye tope mpaka magotini. Nikasema, wanyama hawa wanapata shida.

"Milembe angekuwepo ningekoma leo," akasema, akaanza kucheka. "Yule mwanamke! Kila mwaka Oktoba, kabla ya mvua, ni ugomvi. 'Baba Gloria, hamisha zizi. Ng'ombe wamechoka kulala mahali pamoja.' Mimi namwambia, ng'ombe amekuambia wewe? 'Ameniambia, hamisha.' Nang'oa miiba yote ya migunga ya uzio wa zizi, najichoma, naipeleka upande wa pili. Mwaka unaofuata, narudisha. Miaka thelathini na minane! Na bwana mifugo akija ananisifu, anawaambia watu, igeni kwa mzee Ndalahwa, ng'ombe wake hawaozi kwato. Nami nakaa mbele, navimba. Milembe yuko nyuma pale, anatabasamu tu, anakwenda zake kuchuma mboga kwenye zizi la…"

Karanga ikabaki mkononi.

"Kwenye zizi la zamani," nikammalizia.

Alinitazama. Akatazama zizi. Tangu tumzike Milembe, miaka mitatu, hakuna aliyegombana naye, na zizi halikusogea hata hatua moja.

"Mama Dastan," akasema polepole. "Wale ng'ombe hawakuwa wamechoka."

"Hapana, baba."

"Nilikuwa mkulima wake wa mboga!"

Alicheka mpaka akafuta macho kwa kofia, nami nikacheka, na ninajua machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake. Halafu akasimama akamwita Masele kwa sauti iliyofika barabarani.

"Leta panga na mikono yako! Tunahamisha!"

"Kwa tope hili? Kwani ng'ombe wamelalamika?"

"Wamechoka kulala mahali pamoja!"

Siku mbili walivuta miiba kwenye tope, wazee wawili wanatukanana kwa upendo. Pale palipokuwa na zizi mzee alipatifua kidogo kwa jembe, akakaa kusubiri. Mbegu zilikuwemo. Milembe kila msimu alikuwa anaacha mashina machache yakauke, yapukutike. Zimekanyagwa na kwato miaka mitatu, na siku ya saba zikatoka, nyororo na nyingi kama nywele za mtoto mchanga. Niliziona asubuhi nikitoka sala, nikapiga ishara ya msalaba.

Wiki ya nne zilifika kwenye goti, majani mapana, ya kijani kilichokolea. Shida ikawa maua. Zilipoanza kutaka kuchanua ilikuwa bado siku sita Gloria afike, basi kila alfajiri mzee aliinama shina kwa shina, anakata vichwa vya maua kwa kucha kama anayemtoa ng'ombe kupe.

Gloria alifika tarehe ishirini saa saba mchana. Alimkuta baba yake jikoni, kitenge cha marehemu kimefungwa kiunoni, mwiko mkononi.

"Mwadila, baba. Huyu ni nani jamani?"

"Mwadila. Kaa hapo, usinisemeshe, maziwa yatamwagika."

Tulikaa uani, Gloria, Masele na mimi. Mzee akaleta ugali wa mtama na mgagani, akatia samli kidogo juu, akasali sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia. Gloria akamega, akachovya, akatafuna. Akamega tena. Mzee alikuwa anatazama mkono wake unavyokwenda na kurudi.

Alipofika nusu ya sahani Gloria akasema, "Baba, karanga hukuzitwanga sawasawa. Nimekuta nzima."

"Ina maana umeshindwa kumaliza?"

"Nimesema nimeikuta. Sijasema nimeiacha."

Akamaliza, akapangusa sahani kwa tonge la mwisho, akainyoosha mbele. "Kuna nyingine?"

Masele akapiga kofi pajani. "Nkololo imeshinda!"

Jioni baba na binti walikwenda kusimama pale zizini kwa muda mrefu. Sikusogea kusikia. Nilimwona tu mzee anaonyesha kwa mkono, huku, kule, huku tena, miaka thelathini na minane, na Gloria ameshika mdomo, mabega yanatikisika kwa kucheka.

Kesho yake asubuhi tulimsindikiza kwenye basi. Kondakta akauliza abiria wa kiti cha pili yuko wapi. Gloria akaweka pale magunia mawili ya mgagani uliochumwa na umande, akayafunga vizuri kwa kamba yasidondoke.

"Huyu hapa," akasema. "Nauli yake nimeshalipa."

Mzee alipunga kofia mpaka basi likapotea. Halafu akaniambia turudi haraka, kuna vichwa vya maua hajavikata.