Makaa Chini ya Bikoni

Enzi zetu pale Kabiria, mtoto alijua mpaka wa kwao kwa sikio. Baba yangu alikuwa mshika mnyororo wa wapima ardhi. Wiki nzima alivuta mnyororo wa chuma kwenye nyasi na miiba, mwenzake akishika ncha ya nyuma, na kila ulipofika mwisho wakachomeka chuma chembamba ardhini ili hesabu isipotee. Bwana mpimaji alichungulia darubini ya miguu mitatu, akaandika. Jina pembeni mwa ramani lilikuwa lake, magoti yaliyochubuka yalikuwa ya Baba.

Ofisini mjini walichora ramani kwa wino juu ya kitambaa kilichokazwa kwa wanga. Zilizoharibika Baba alituletea. Mama alizilowesha hadi wanga ukatoka, akatushonea leso, ingawa wino haukutoka wote. Basi kamasi zangu zilipita Lavington nzima, mtaa wa wenye mali, barabara kwa barabara, kabla sijafunguliwa lango hata moja la huko. Wala sioni haya kusema. Vijana wa leo hawafiki hata Riruta hapo jirani mpaka simu iwaonyeshe njia.

Kiwanja chetu kilipopimwa, Baba alituita watoto wote watano kwenye shimo la bikoni, alama ya kona ya mpaka. Yeye na sisi, kila mmoja alitupa konzi ya makaa ya jiko la Mama, kisha nondo ikasimamishwa juu kwa saruji. Halafu akatufinya masikio mpaka tukalia.

“Nondo hung'olewa,” alisema. “Makaa hayaozi. Na sikio lililofinywa halisahau.”

Kweli nondo iling'olewa, sijui na nani. Juzi jirani mpya akaja kujenga ukuta, na kijana wake mwenye mashine ya kupima mipaka akachomeka kijiti katikati ya jiko la Mama.

“Shosho,” aliniita kama bibi yake, “kona iko hapa. Hii mashine haidanganyi.”

“Mashine yako ilikuwepo? Nipe jembe.”

Nilihesabu hatua kumi na sita kutoka mlango wa jiko, kama nilivyozikumbuka, nikachimba. Udongo mtupu. Jirani akacheka, nami nikaona aibu, maana ndugu zangu wote wameshazikwa na sina shahidi. Ndipo nikakumbuka kwamba hatua zile nilizihesabu nikiwa na miaka saba. Nikarudi mlangoni, nikatembea hatua zilezile kitoto, fupifupi, mbele yao, mwanamke mzima na mvi zangu. Nikachimba tena. Futi mbili chini, udongo mwekundu ukageuka mweusi.

Kijana alipiga magoti, akaokota kipande cha kaa. “Hii iliwekwa na nani?”

“Na watu sita. Watano wako kaburini. Wa sita ndiye mimi, na siondoki.”

Aling'oa kijiti chake. Siku hizi dunia inapimwa kutoka angani, lakini hakuna anayepiga magoti kuipima, na hilo linaniuma. Jioni nilimpeleka mjukuu wangu pale shimoni, akatupa konzi yake ya makaa, nikamfinya sikio. Alikwenda kunishtaki kwa mama yake. Ashtaki tu, atakumbuka.