Samaki wa Nyumba ya Pili

Vitabu vya mapishi vinaniudhi. Vinaandika "safisha samaki" kana kwamba ni kufunga mlango, kisha vinaruka moja kwa moja hadi kwenye vitunguu. Havikuambii kwamba kisu kinaanzia mkiani na kupanda kuelekea kichwani, wala kwamba magamba yatakurukia machoni. Havikuambii kwamba tumbo hupasuliwa kwa ncha tu, polepole, kwa sababu karibu na ini pana kifuko kidogo cha kijani, nyongo, na hicho kikipasuka umekwisha. Utamwosha samaki huyo kwa ndoo nzima ya maji na bado atabaki mchungu. Mimi niliyajua haya nikiwa na miaka kumi na mmoja, na sijawahi kufurahia kwamba nayajua.

Nilizaliwa nyumba ya pili. Boma letu lilikuwa Asembo Bay, juu kidogo ya ufuo wa ziwa, ambako baba alikuwa fundi wa mashua. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mikayi, ndivyo Wajaluo wanavyomwita mke mkubwa, na sisi watoto tulimwita Mama Mkubwa. Nyumba ya pili ilikuwa ya mama yangu, na mama yangu hakuwa Mjaluo. Alitoka upande wa Kakamega. Alikuja Kisumu akiwa msichana kufanya kazi ya nyumbani, na huko ndiko baba alikomkuta, siku hizo baba akiranda mbao kwenye karakana moja ya mjini. Mama alimpikia kuku, ugali na mboga ya mrenda, na baba akala mpaka akamwoa. Samaki hawakutajwa. Kwao samaki walifika wakiwa wamekaushwa, na pale Kisumu aliwanunua kwa kina mama wa vibandani wakiwa wameshakaangwa. Kwa hiyo tulipohamia bomani, mimi nikiwa na miaka kumi, mama alifika akiwa mpishi hodari ambaye hajawahi kumpasua samaki mbichi hata mmoja.

Kila jioni wake wote wawili walipika, na sisi watoto tulibeba vyakula hadi kwenye meza ya baba. Alitakiwa kula kidogo cha huku na kidogo cha kule. Hakuna aliyelizungumzia jambo hilo, lakini bakuli likirudi lilikaguliwa na kila jicho lililokuwa uani. Mimi ndiye niliyebeba la kwetu, kwenda na kurudi, na nilijua uzito wake kuliko mtu yeyote.

Kosa la kwanza la mama lilikuwa vichwa. Alivikata na kumtupia mbwa. Kwa watu wa ziwa, hilo ni kama kumwaga maziwa na kunywa maji yaliyoosha kibuyu, maana utamu wote wa ngege, samaki wetu mpana wa ziwani, uko kichwani, mashavuni na nyuma ya jicho. Baba alimkuta mbwa akitafuna kichwa kipana kama kiganja.

"Kichwa ya samaki iko wapi?" aliuliza. Nyumba yetu iliongea Kiswahili, kwa kuwa Kidholuo cha mama kilikuwa cha kuokoteza.

"Nimetupa. Nani anakula macho?"

Siku hiyo baba alicheka. Mara ya tatu hakucheka. Halafu mama akapasua nyongo, wiki moja mara mbili. Tena alikuwa akiwakoroga samaki kwa mwiko kama anayekoroga nyama, wakawa uji wenye miiba. Mdogo wangu wa miaka minne akakwamwa na mwiba kooni, baba akampiga mgongoni mpaka ukatoka, mtoto akiwa amegeuka rangi. Tangu jioni ile baba alikuwa akifunua bakuli letu, anachungulia, anafunika. Nililirudisha likiwa na uzito uleule.

Sikatai, mama alikosea. Lakini mtu mzima aliyelishwa kuku miaka yote ile ya Kisumu angeweza kukaa kitako na kumwonyesha mkewe mahali pa kuweka kisu. Baba hakufanya hivyo. Alinyamaza tu na kula cha nyumba ya kwanza, na kimya chake kikatoka nje ya boma. Wanawake waliokuwa wakichota maji walianza kumwita mama nyar mwa, binti wa watu wa kuja, ambaye samaki wamemshinda. Kidholuo cha kiasi hicho mama alikielewa.

Aliacha kuimba akisonga ugali. Alikaa mlangoni mikono ikiwa mapajani, akitazama barabara ya kwenda stendi. Siku moja alisema, bila kumlenga mtu, "Kwetu hakuna mtu ananipimia chakula." Mke wa jirani yetu mmoja alikuwa ameondoka hivyohivyo, na watoto wake wakabaki, kwa sababu kwetu watoto ni wa boma. Sikutaka kubaki. Nilitaka bakuli lirudi tupu, basi.

Nikaenda kwa Mama Mkubwa. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake amekaa kwenye kigoda, beseni la ngege mbele yake. Nilimwambia nataka kujua samaki.

"Mama yako anajua uko hapa?"

"Hapana."

Hakusema nirudi. Alinisogezea kisu. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananionea huruma au alikuwa anajipongeza.

Nilikwenda kwake karibu kila siku baada ya shule, nikimdanganya mama kwamba natafuta kuni. Mama Mkubwa alifundisha bila maneno mengi. Chovya vidole kwenye chumvi ili samaki asiteleze. Ng'oa yale mashavu mekundu ya kupumulia, lakini kichwa kiache mahali pake. Inua nyongo kwa kidole pamoja na ini lake, usiibane. Nilipoipasua mara ya kwanza alinitandika mgongoni. Mara ya pili alikichukua kidole changu kilichokuwa cha kijani, akakitia mdomoni mwangu. "Sasa ulimi wako utakumbuka, nyathina," alisema, yaani mwanangu, na nikalia kwa uchungu ule na kwa neno lile.

Alinifundisha kumchanja samaki ubavuni, kumpaka chumvi na kumlaza juu ya moshi mpaka ngozi ikauke, ndipo asivunjike. Vitunguu na nyanya viive kwanza chunguni. Samaki akishaingia, mwiko hauna kazi tena. Unashika chungu kwa kitambaa pande zote mbili, unakizungusha taratibu, na mchuzi unapanda wenyewe juu ya samaki. Nikitoka pale nilijisugua mikono kwa majani ya mlimau mpaka iwashe, nikaokota vijiti njiani, nikaingia kwetu kama mwizi.

Siku moja baba alileta ngege wawili mama akiwa bado kwenye kinu cha kusaga mahindi. Sikungoja. Niliwapara, nikawapasua, nyongo zikatoka nzima, nikawakausha juu ya moshi na kuwapika. Mama aliporudi na unga wake alisimama mlangoni akinusa. Alifunua chungu. Vichwa viwili vilikuwa pale, na macho yake. Alifunika, akasonga ugali, nami nikabeba.

Bakuli lilirudi na miiba mitupu. Baba mwenyewe alifuata nyuma, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa wiki nyingi, akasimama mlangoni akijifuta midomo.

"Leo umepika kama mtu ya hapa," alimwambia mama.

"Asante, Baba," mama alijibu, akitazama moto.

Nilifurahi mpaka nikashindwa kukaa. Baba alipokwenda, mama aliniita nikae karibu naye.

"Nani amekufunza?"

Nilimwambia, nikajikunja kungoja kofi. Hakunipiga. Alichukua mkono wangu na kuutazama, mahali nilipojikata na mahali palipochomwa na mapezi.

"Omena unaosha na maji ngapi?"

"Tatu. Ya kwanza moto. Na ya chini sichoti, mchanga inakaa huko."

"Mboga ya osuga ikiwa chungu?"

"Namwaga maji ya kwanza, naweka maziwa, nalaza mpaka kesho."

"Ugali ikishika chini?"

"Napunguza moto. Sikwangui, nisichanganye ile ya kuungua."

"Na huyu mdogo akikataa kula?"

"Nampa mchuzi peke yake kwanza. Halafu namtolea miiba yote, nampa kidogokidogo."

Nilijibu kwa sauti ya darasani, mgongo wima. Nilidhani ananipima ili anisifu. Nilidhani tumeshinda, mimi na yeye, na kwamba kesho ataimba.

"Basi," alisema. "Hawatalala njaa."

Siku ya pili yake nilirudi kutoka shule nikakuta uwanja umefagiliwa. Jikoni sufuria zote zilikuwa zimesuguliwa kwa majivu na kupinduliwa. Debe la unga lilikuwa limejaa mpaka juu, omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, wamechambuliwa na kuanikwa kwenye ungo, na kuni zimepangwa zikiwa fupi fupi, za kiasi cha mikono yangu. Sanduku la mama halikuwepo chini ya kitanda.

Wadogo zangu wawili walikuwa wamekaa mlangoni, wameogeshwa na kupakwa mafuta. Nikawauliza mama yuko wapi. Yule mkubwa alinyoosha kidole barabarani. Yule mdogo akasema, kwa furaha ya mtu aliyepewa ujumbe na kuukumbuka, "Mama amesema wewe utapika."

Nilikimbia mpaka stendi na sare yangu ya shule. Hapakuwa na mtu ila mwanamke mmoja muuza ndizi, na aliponiona aliinamisha macho. Nilimchukia baba, nikamchukia Mama Mkubwa, na zaidi ya wote niliichukia mikono yangu. Nililia pale mpaka jua likaanza kushuka. Kisha nikarudi kuwasha moto, kwa sababu wadogo zangu walikuwa na njaa.