Jembe la Yiamat

Enzi za kaka yangu Yiamat, filimbi ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ikilia Jumamosi, hakuna aliyebaki kitandani. Wanaume walipanda mlimani na majembe kuzibua mfereji, sisi wanawake tukafuata na vibuyu vya loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa mgando. Naipanoi, binti yake, alikuwa anambebea baba jembe mpaka mferejini, halafu ananyang'anywa: kuchimba si kazi ya kike. Mtoto alivyokuwa ananuna!

Yiamat alipofariki, nyumba yetu ikakosa mwanamume. Na asiyechimba hana zamu ya maji. Migomba yake ikasinyaa nikiitazama hivi hivi.

Naipanoi nikamlea mimi, shangazi yake. Akasoma, akapata chuo huko Norwei. Mwezi wa kwanza akanipigia simu kwa hasira: "Shangazi, huku Jumamosi bweni zima tunatolewa kuzoa theluji! Hata mkuu wa bweni ana koleo. Nimekuja kusoma au kuzoa barafu?"

"Zoa," nikamwambia. "Ulidhani umeenda kuolewa?"

Baadaye hasira ikaisha. Akawa ananisimulia kwamba wakimaliza wanakunywa supu pamoja, naye anamkumbuka baba yake mpaka machozi.

Mwaka jana akarudi. Filimbi ilipolia, akachomoa lile jembe darini.

"We mtoto, watasema Ulaya imekuharibu!"

Hakunisikia. Nikajifunga kanga, nikamfuata na kibuyu.

"Shikamoo, babu," akamwamkia Mzee Lesian, msimamizi wa mfereji.

"Marahaba. Chakula kiko wapi?"

"Anacho shangazi. Mimi nina jembe. Naomba zamu ya nyumba yetu."

Wanaume wakacheka. Solomoni, jirani yetu, akadakia, "Kumbe Ulaya wanafundisha kuchimba?"

"Kule nimejifunza kutosubiri mwingine anifanyie. Kuchimba nilimwona baba."

"Na wewe Solomoni," nikasema, "kipande chako cha mfereji mbona mbuzi wanaweza kushiba humo?"

Kicheko kikamhamia. Lesian akaushika mpini wa jembe, akaupapasa. Kisha akanyoosha fimbo: "Kipande cha baba yako kinaanzia kwenye mti ule wa msesewe. Hakijaguswa tangu afe."

Naipanoi akachimba mpaka viganja vikachubuka. Wakati wa kula, kibuyu cha kwanza wakampa yeye, kama walivyokuwa wakimpa Yiamat.

Jioni maji yakafika kwenye migomba. Nikavua kandambili, nikasimama humo humo mpaka miguu ikafa ganzi.