Saa ya Eliudi

Kwa miaka thelathini Saturnini alitengeneza saa kwenye kibanda chake karibu na soko la Nachingwea, na hakuwahi kuvaa saa iliyozidi shilingi elfu kumi na tano. Tangu watu waanze kutazama saa kwenye simu, alibaki kubadilisha betri na mikanda.

Eliudi, waliyesoma naye darasa moja, alirudi kwao Nanganga kulima korosho baada ya miaka kumi na moja ya kupiga mbizi bandarini, akichomelea meli chini ya maji. Bosi wake alimuaga kwa saa ya wapiga mbizi, nzito, ya kuhimili mita mia tatu. Hata msibani watu waliomba waishike. Kila walipopeana mkono, Saturnini aliitazama saa badala ya uso, na roho ikamuuma.

Mwaka wa tatu saa ikaanza kuchelewa dakika kumi kwa siku. Eliudi akaileta.

"Niliambiwa hii haifi."

"Chuma na kioo havifi," alijibu Saturnini. "Mtambo wa ndani una mafuta, na mafuta hukauka."

Akafungua mfuniko. Hakuwa amewahi kuona magurudumu mazuri vile, wala vijiwe vyekundu vilivyopangwa hivyo. Aliona mara moja kuwa hakuna kilichovunjika. Ilitaka kusafishwa, mafuta mapya na mpira mpya wa kuzuia maji. Lakini mdomo ukatangulia.

"Mtambo umekwisha, bwana. Mwingine ni kuagiza Ulaya. Milioni mbili na nusu, bei ya pikipiki."

Eliudi aliisogeza saa upande wa fundi. Kisha akasema, "Basi kaa nayo, ndugu yangu. Labda vipuri vitakufaa."

Saturnini aliisafisha siku mbili, ikashika majira. Akaivaa, asiwe na pa kwenda nayo, maana wilaya mbili nzima ziliijua. Akawa anaivaa chumbani.

Kwenye harusi moja Ruangwa alimkuta Eliudi amezungukwa na watu, kifundoni mwa mkono wake alama ya mkanda haijafutika. Mtu akamuuliza saa iko wapi.

"Imekufa. Namshukuru fundi wangu, aliniambia ukweli."

Saturnini akaona wivu upya. Hata bila saa, watu walimfuata yule yule.

Wiki hiyo alikwenda Nanganga, akamkuta Eliudi shambani, akamwekea saa kiganjani.

"Ilikuwa nzima. Nilikudanganya. Niliitamani."

Eliudi aliisikiliza sikioni, akaivaa.

"Ungeniomba uazime, ningekupa," alisema, akarudi kwenye mikorosho yake.

Mwaka uliofuata ile saa ilihitaji mpira mpya. Saturnini alisikia kuwa imepelekwa Ruangwa, kwa Faridi, kijana ambaye Saturnini mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Siku ile hakufungua kibanda. Alimwambia mkewe Goreti kichwa kinamuuma, akalala akimfikiria Faridi ameinamia vile vijiwe vyekundu.